JIRANI NA BINTI: MJADALA WA ULAMAA KATIKA ZAMA ZA UKOLONI

(Maneno ya hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukumbusho wa jumuiya)

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na wote waliofuata mwendo wao kwa wema.

Ama baada ya hayo:

Jumuiya ya Waislamu inapokusanyika kuadhimisha miaka yake, desturi ni kuwataja waliotoa kiwanja, waliochanga fedha na waliosimamisha msikiti. Desturi hiyo ni njema, kwani wema haufai kusahauliwa. Lakini wako wajenzi wengine ambao majina yao hayachongwi katika jiwe la msingi. Hao ni wanazuoni walioletewa maswali mazito katika zama zilizokuwa ngumu, wakayajibu kwa kalamu, na baadhi yao wakatukanwa kwa majibu waliyoyatoa. Maneno ya leo ni kwa ajili ya hao.

Maswali waliyoulizwa yalikuwa mengi, lakini mawili yalirudi kila mahali, tangu Misri mpaka Afrika ya Kusini, na tangu Mombasa mpaka Buganda. La kwanza: Mwislamu akae vipi na jirani asiye Mwislamu, hasa jirani huyo anapokuwa ndiye mwenye serikali, mwenye shule na mwenye soko? La pili: binti wa Kiislamu afundishwe nini, na nani, na wapi? Mtu aweza kudhani kuwa maswali haya hayana uhusiano. Kwa hakika ni swali moja lenye milango miwili. Nyuma ya yote mawili ilikuwapo hofu moja, nayo ni hofu ya kuamka siku moja na kukuta dini imetoka nyumbani bila ya mtu kuiona ikitoka.

Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, wala haikuanza kwa kuja Wazungu. Katika Buganda, Kabaka Mutesa wa Kwanza alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867, akaamuru watu wake wafunge, akasoma Kiarabu na kuweka msikiti katika ua wake. Hata hivyo hakutahiriwa, wala wachinjaji wake hawakuwa Waislamu. Wakatokea vijana katika jumba lake waliokataa kula nyama ile na kukataa kusali nyuma yake. Mwaka 1876 Mutesa aliwakasirikia, na makumi ya vijana hao wakauawa, wengi wao wakichomwa moto Namugongo. Mahali hapo hapo, miaka kumi baadaye, vijana Wakristo nao wakauawa na Kabaka mwingine. Basi mtu wa nchi hii asiambiwe kuwa suala la nyama ni suala dogo. Watu walilifia.

Maswali Matatu Kutoka Transvaal

Mwaka 1903 barua ilifika Cairo kutoka Transvaal, katika Afrika ya Kusini. Vita vya Waingereza na Makaburu vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na Waislamu wa nchi ile walikuwa watu wachache waliotawanyika baina ya Wakristo. Wengine walikuwa wafanya biashara waliotoka Bara Hindi, wafuasi wa Imamu Abu Hanifa. Wengine walikuwa Wamalai waliotoka Rasi, wafuasi wa Imamu Shafii. Mwislamu mmoja wa huko, Hajji Mustafa, alimwandikia Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Abduh, akamwuliza mambo matatu.

Swali la kwanza: wako Waislamu katika nchi hizi wanaovaa kofia za Kizungu ili kurahisisha shughuli zao na kupata riziki. Je, yafaa? La pili: watu wa huku wana uchinjaji usiofanana na wa Waislamu, maana ng'ombe hupigwa kwa shoka kwanza, ndipo achinjwe, na wala Mungu hatajwi. Je, nyama hiyo yaliwa? La tatu: Mashafii wasali nyuma ya Mahanafi, na hali madhehebu hizo mbili zahitilafiana katika kusoma Bismillahi na katika takbira za Sala ya Idi?

Yapasa kuyatazama maswali haya kwa makini. Aliyeuliza hakuwa mtu anayetafuta njia ya kuiponyoka dini. Mtu wa namna hiyo haulizi, bali hula akanyamaza. Aliyeuliza ni mtu aliyetaka kubaki Mwislamu mahali ambapo kila siku, tangu kufungua duka hadi kuketi mezani, palikuwa na jambo la kumtatiza. Wala halikuwa jambo la bahati kuwa swali moja katika matatu lilihusu Waislamu kwa Waislamu. Jamaa ndogo iliyozungukwa na wengine hugombana yenyewe kabla ya kugombana na jirani.

Jibu la Mufti lilikuwa fupi. Juu ya kofia alisema kuwa asiyekusudia kuutoka Uislamu na kuingia dini nyingine hakufuru kwa kuvaa kofia, na akiivaa kwa haja, kama kujikinga na jua, hata karaha haimo. Juu ya nyama alitegemea aya ya 5 ya Sura Al-Maida, iliyohalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, na kauli ya Abu Bakr ibn al-Arabi, mwanachuoni wa madhehebu ya Imamu Malik katika Andalusi, kwamba kinachotazamwa ni kile ambacho watu wa Kitabu wenyewe, wakubwa wao wa dini na watu wao wa kawaida, hukihesabu kuwa ni chakula chao. Juu ya sala alisema kuwa dini ni moja, na sala ya kila mmoja ni sahihi kwa madhehebu yake, basi hapana sababu ya Mshafii kuacha kusali nyuma ya Mhanafi.

Fatwa hiyo iliwasha moto. Magazeti ya Cairo yaliandika kwa ukali, na Mufti akashutumiwa kuwa amewahalalishia Waislamu mizoga na amewavika vazi la makafiri. Hoja ya wapinzani haikuwa nyepesi, na mwenye insafu hana budi kuieleza kama ilivyokuwa. Katika sura hiyo hiyo ya Al-Maida, aya ya 3, imeharamishwa nyama ya mnyama aliyekufa kwa kupigwa. Wapinzani wakasema: ng'ombe aliyepigwa shoka kichwani ni katika hao. Watetezi wakajibu: aliyeharamishwa ni yule aliyekufa kwa pigo. Huyu wa Transvaal hupigwa ili asipapatike, kisha huchinjwa angali hai. Kadhalika juu ya kutaja jina la Mungu, yajulikana kuwa kwa Mashafii kutaja ni sunna, na kwa Mahanafi ni wajibu kwa mwenye kukumbuka. Basi hata kabla ya fatwa ile wanazuoni walikuwa na nafasi ya kuhitilafiana, na walihitilafiana miaka elfu bila ya kuitana makafiri.

Kwa nini basi kelele zikawa kubwa kiasi kile? Sehemu moja ya jibu ni siasa. Khedivi wa Misri, Abbas Hilmi wa Pili, alikuwa na uhasama na Mufti, na fatwa ikawa fimbo nzuri ya kumpigia. Sehemu ya pili ni uchungu wa wakati. Waingereza walikuwa wameikalia Misri tangu mwaka 1882, na kofia ile haikuwa kitambaa tu. Ilikuwa alama ya mwenye nguvu. Aliyeona kofia katika kichwa cha Mwislamu alihofu kuwa moyo nao umevikwa. Mufti alitazama hukumu, na wapinzani wake walitazama alama, na kila upande ulikuwa na kitu cha kweli mkononi. Rashid Rida, mwanafunzi wa Abduh, alimtetea mwalimu wake katika jarida lake la al-Manar, na baadhi ya wanazuoni wa Azhar nao wakaandika kumwunga mkono. Mufti mwenyewe alifariki Iskanderia mwaka 1905, na ubishi ule haujakwisha.

Kujadiliana na Wakristo kwa Kalamu

Sheikh Abduh hakuanza kufikiri juu ya Wakristo siku alipoipokea barua ya Transvaal. Alipofukuzwa Misri baada ya harakati za Urabi, alikaa Beirut, mji wenye watu wa dini nyingi, na huko alishiriki pamoja na wenzake katika jumuiya ya kutafuta maelewano baina ya dini tatu za mbinguni. Waliandikiana na kasisi mmoja wa Kiingereza, Isaac Taylor. Huyu ndiye aliyewashangaza Wakristo wenziwe mwaka 1887, katika mkutano wa kanisa huko Wolverhampton, kwa kuisifu kazi ya Uislamu katika Afrika. Jumuiya ile haikudumu, lakini ilionyesha kuwa mtu aweza kuishika dini yake kwa nguvu na bado akamsikiliza mwenzake mpaka mwisho wa sentensi.

Tena, mwaka 1902, Farah Antun, Mkristo kutoka Tripoli ya Sham aliyekaa Misri na kutoa jarida la al-Jamia, aliandika juu ya Ibn Rushd, akadai kuwa Ukristo umevumilia elimu na falsafa kuliko Uislamu. Abduh alimjibu kwa makala nyingi, ambazo baadaye zilikusanywa kuwa kitabu. Jambo la kuzingatiwa ni hili: Antun aliyachapa majibu ya mpinzani wake katika jarida lake mwenyewe, kisha akayatia katika kitabu chake pamoja na majibu yake. Maneno yalikuwa makali, na urafiki wa zamani baina ya Antun na Rashid Rida, waliosafiri pamoja kwenda Misri, ulivunjika. Hata hivyo aliyesoma aliweza kuyaona ya huyu na ya huyu, akapima mwenyewe. Leo wako wengi wanaojua kupinga, lakini ni wachache wanaoweza kuieleza hoja ya mpinzani kiasi cha mpinzani huyo kusema: naam, hayo ndiyo niliyoyasema.

Suala la Binti

Katika miaka hiyo hiyo mlango wa pili ulifunguliwa. Mwaka 1899 hakimu mmoja wa Misri, Qasim Amin, aliyesoma sheria Ufaransa, alitoa kitabu kiitwacho Tahrir al-Mara, yaani Kumpa Mwanamke Uhuru Wake. Aliandika kuwa wasichana wafundishwe angalau elimu ya msingi, kwamba kufunika uso hakukulazimishwa na Sharia, kwamba talaka isitolewe ovyo bali ipitie mbele ya kadhi, na kwamba ndoa ya wake wengi izuiliwe pale inapoleta dhuluma. Sheikh Abduh naye, katika darasa zake za tafsiri, alieleza kuwa ruhusa iliyomo katika aya ya 3 ya Sura An-Nisa imefungwa kwa sharti la uadilifu, na kwamba madhara ya ndoa hizo katika zama zake yalikuwa makubwa kiasi cha kuwapasa viongozi kuyaangalia.

Majibu yalikuja mara moja. Talat Harb, ambaye baadaye alianzisha Benki ya Misri, alitoa kitabu mwaka huo huo wa 1899 kumpinga. Qasim Amin akatoa cha pili mwaka uliofuata, chenye ukali zaidi, na safari hii akichukua hoja zake zaidi kwa Wazungu kuliko kwa wanazuoni. Hapo ndipo wengi waliokuwa tayari kumsikiliza walipomwacha. Hoja iliyoanza katika msikiti ilionekana imehamia katika baraza la mtawala.

Na mtawala mwenyewe alikuwa nani? Lord Cromer, Mwingereza aliyeishika Misri kuanzia mwaka 1883 mpaka 1907, aliandika kuwa Uislamu umeshindwa kwa namna unavyomweka mwanamke, na kwamba Wamisri hawataendelea mpaka waache kuwafunika wake zao. Maneno hayo, yakitoka kinywani mwa mtu aliyewafungulia wasichana shule, yangeweza kustahiki kusikilizwa. Lakini serikali yake ilipandisha ada za shule, na elimu ya wasichana haikupewa nafasi. Aliporudi kwao Uingereza alikuwa kiongozi wa harakati ya kuwazuia wanawake wa Kiingereza wasipate kura, na mwaka 1910 akawa rais wa chama kilichoundwa kwa kazi hiyo. Basi mwanamke wa Misri aliambiwa avue buibui na mtu aliyemwambia mwanamke wa kwao akae kimya.

Ndiyo sababu Waislamu wengi walipolisikia neno "uhuru wa mwanamke" walisikia ndani yake sauti ya mtawala. Madhara yake yalikuwa mawili. Mtawala aliitumia haki ya mwanamke kuwa kisingizio cha kutawala, na baadhi ya Waislamu wakautumia uongo wa mtawala kuwa kisingizio cha kumnyima mwanamke haki aliyopewa na Mungu, si na Cromer. Baina ya visingizio hivyo viwili alisimama binti, hakuulizwa na yeyote.

Lakini mmoja alisema bila ya kuulizwa. Malak Hifni Nasif alizaliwa mwaka 1886, akahitimu katika shule ya Saniyya mjini Cairo, akawa mwalimu. Aliolewa na mkuu mmoja wa Kibedui katika nchi ya Fayyum, na alipofika huko akakuta kuwa mumewe ana mke mwingine, jambo ambalo hakuambiwa. Aliandika magazetini kwa jina la Bahithat al-Badiya, maana yake Mtafiti wa Jangwani, na mwaka 1910 makala zake zikakusanywa katika kitabu. Juu ya ndoa ya wake wengi aliandika kama mtu anayekijua kidonda kwa sababu kiko mwilini mwake. Juu ya hijabu msimamo wake uliwashangaza wa kila upande, kwani hakukubaliana na haraka ya Qasim Amin, wala hakukubali kuwa wanaume ndio wenye kuamua. Aliona kuwa mwanamume anayemwamrisha mwanamke kujifunua ni dhalimu kama yule anayemwamrisha kujifunika bila ya kumpa elimu. Elimu kwanza, na aliyeelimika atajua la kufanya. Mwaka 1911 aliupelekea Mkutano wa Misri madai kumi, na miongoni mwake yalikuwamo haya: wasichana wafundishwe dini sawasawa, shule zao ziongezwe, wengine wasomeshwe uganga wa hospitali na ualimu, na wanawake wapate nafasi ya kuhudhuria misikitini. Alifariki mwaka 1918, na hakutimiza miaka 33. Masheikh na mahakimu walikuwa wamebishana juu ya mwanamke kwa miaka mingi, na huyu alikuja akazungumza kwa niaba yake mwenyewe, akiwa na Kurani mkono mmoja na maisha yake mkono wa pili.

Kalamu ya Mombasa

Jarida la al-Manar, lililoanza mwaka 1898, lilisafiri kwa merikebu, na mjadala ukasafiri nalo. Mjini Mombasa msomaji wake mmoja alikuwa Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, na aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi iitwayo Sahifa, kwa lugha ya Kiswahili katika herufi za Kiarabu, na mwaka 1932 akatoa gazeti la al-Islah, yaani Matengenezo, kwa Kiarabu na Kiswahili. Baadhi ya makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu kidogo kiitwacho Uwongozi.

Kuchagua Kiswahili kulikuwa hoja yenyewe. Wako waliodhani kuwa elimu ya dini haifai kuandikwa kwa lugha ya sokoni. Sheikh al-Amin aliona kuwa asiyeelewa dini yake kwa lugha yake ataelezwa dini hiyo na mtu mwingine. Na hayo ndiyo yaliyokuwa yakitukia: tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili, iliyotolewa mwaka 1923, ilifanywa na Canon Godfrey Dale, kasisi wa misheni ya Kiingereza, akatia maelezo yake mwenyewe. Ilikuwapo njia ya kulalamika na ilikuwapo njia ya kufanya kazi. Sheikh al-Amin alifuata njia ya pili kwa kuandika vitabu vya watoto na kuianza tafsiri, na mwanafunzi wake Sheikh Abdallah Saleh Farsy akatoa tafsiri yake kamili mwaka 1969. Jibu lililo bora kwa kitabu ni kitabu.

Juu ya Wazungu, Sheikh al-Amin hakusema wakataliwe kwa kila jambo wala waigwe kwa kila jambo. Aliwakemea vijana waliochukua mavazi, ulevi na michezo yao, wakaacha bidii yao ya kazi, umoja wao na elimu yao. Juu ya wasichana alitaka wasome. Wahenga wamesema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini mama asiyefunzwa atamfunza mwanawe nini? Huko Unguja serikali ilifungua shule ya wasichana mwaka 1927. Wazazi walihofia sitara na dini ya binti zao, na mafunzo ya Kurani na kulindwa kwa sitara vikawa sehemu ya mapatano. Wazazi hao hawakuikataa shule, bali walitaja masharti yao, na shule ikajaa.

Funzo kwa Nchi Hii

Katika Uganda masharti yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu shule zilikuwa za misheni. Wamisionari wa Kiprotestanti walifika mwaka 1877 na wa Kikatoliki mwaka 1879. Baada ya vita vya dini, Waislamu walishindwa, na katika Mapatano ya mwaka 1900 walipata saza moja tu, Butambala, katika masaza ishirini ya Buganda. Shule ya wasichana ya Gayaza ilifunguliwa na wamisionari mwaka 1905. Mzazi wa Kiislamu alipoitazama shule aliona mlango wa elimu na mlango wa ubatizo, na milango hiyo ilikuwa mmoja. Wengi walimrudisha mtoto nyumbani. Wachache walijitosa na dini yao ikasalimika, mathalan Abubakar Mayanja, aliyesoma Budo, shule ya Kikristo, na mwaka 1952 akawa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha kwanza cha siasa cha Uganda.

Waliowarudisha watoto wasilaumiwe kwa wepesi, maana walikuwa wakiilinda amana. Lakini gharama nayo isifichwe. Kizazi kizima kilikulia katika uchinjaji wa nyama, udereva na biashara ndogo, huku ofisi zikijazwa na wengine. Na kama mvulana alikosa mara moja, msichana alikosa mara mbili, kwani hata palipopatikana nafasi moja ilikwenda kwa kaka yake. Ndipo mwaka 1944 Mwanamfalme Badru Kakungulu na wenzake walipoanzisha Chama cha Elimu cha Waislamu wa Uganda, na kilima cha Kibuli kikawa makao ya msikiti na shule. Mwaka uliofuata, 1945, chuo cha Makerere kilipokea wanawake kwa mara ya kwanza. Swali la binti lilikuwa limefika mlangoni, na Waislamu walikuwa ndio kwanza wanachimba msingi.

Basi katika mjadala huu mrefu yako mambo matatu ya kuchukuliwa nyumbani.

La kwanza ni kutenganisha itikadi na muamala. Hakuna mwanachuoni kati ya waliotajwa aliyesema kuwa dini zote ni sawa, wala aliyeilegeza shahada. Walichotafuta ni namna ya kukaa na kutendeana, na Kurani yenyewe, katika aya ya 8 ya Sura Al-Mumtahina, haikuwakataza Waislamu kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiowapiga vita. Suala la mchinjaji bado lina makali: mwaka 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita nchini Tanzania, ubishi wa nani achinje uliishia katika kumwaga damu ya mtu. Suala hilo lililoweza kujibiwa Cairo kwa wino halipaswi kujibiwa Geita kwa panga.

La pili ni kutenganisha nassi na mazoea. Mengi aliyonyimwa binti hayakuandikwa katika kitabu chochote cha fiq'hi. Yaliandikwa katika hofu ya baba na katika maneno ya majirani. Amri ya kuinamisha macho, katika Sura An-Nur, imeanza kwa wanaume katika aya ya 30, ndipo ikafuata kwa wanawake. Anayeanza kwa wa pili na kumsahau wa kwanza ameigeuza mpangilio wa Mola wake.

La tatu ni kumsikiliza anayehusika. Mufti alimsikiliza mtu wa Transvaal kabla ya kumhukumu, wala hakumwambia ahame nchi. Hiyo ndiyo kazi ya mwanachuoni. Hali kadhalika jumuiya inayokutana kuamua juu ya shule za wasichana, ndoa zao na nafasi yao msikitini, na katika baraza lake hamna mwanamke hata mmoja, imejifanya Mufti asiyeisoma barua.

Mwisho, ulamaa hao hawakukubaliana. Abduh na wapinzani wake, Qasim Amin na Talat Harb, Rida na Antun, kila mmoja alikwenda kwa Mola wake na kauli yake. Waliyoyaacha si jibu moja bali ni adabu ya kutafuta jibu: kusoma kabla ya kusema, kumhofu Mungu zaidi ya kuyahofu magazeti, na kutomkufurisha mwenzio kwa suala ambalo maimamu walihitilafiana ndani yake. Jumuiya iliyo na adabu hiyo itaweza kumkaribisha jirani bila ya kuipoteza dini yake, na kumpeleka binti shule bila ya kumpoteza binti.

Mwenyezi Mungu awarehemu wanazuoni hao wote, wa kauli hii na wa kauli ile. Awalaze pema vijana wa Namugongo. Awape wazazi wa nchi hii hekima, na watoto wao, wa kiume na wa kike, elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.